Shangazi Asinyanyuke

Kila nikisikia harufu ya petroli asubuhi yenye jua, tumbo langu hudhani ni Jumapili na huanza kungojea katlesi. Ni ujinga wa tumbo, na mpaka leo sijapata dawa yake. Miaka ile tulikuwa tunakaa Barking, mashariki ya London, katika fleti ya ghorofani ambayo kuta zake zilitoka jasho wakati wa baridi, na Baba alikuwa amenunua gari kuukuu la kijani lililonuka petroli nje na ndani, hata sare zetu za shule zikashika harufu hiyo. Mama aliamka alfajiri kukaanga. Akishamaliza alivifunga vyakula vyote kwa mataulo visipoe, akajaza chupa mbili za chai, na moshi wa mafuta ukatuamsha sisi watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu Badru, kabla yeye hajatuita. Tulijua maana ya moshi ule. Leo tunatoka, tunakwenda kupunga upepo.

Anayeijua London ya siku zile kwa picha tu hawezi kufahamu njaa tuliyokuwa nayo ya kutoka. Wiki nzima ilikuwa ni kukimbizana. Baba alifanya kazi katika karakana ya mabasi, Mama alifua mashuka ya hospitali, na mara nyingi walikutana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka, wakapeana ufunguo na maneno mawili matatu kuhusu chakula kilichobaki. Sisi tulifundishwa kutembea ndani kwa vidole, kwa sababu kizee wa Kiingereza wa chini yetu alikuwa akigonga dari lake kwa ufagio. Tusicheze ngazini, tusicheke dirishani, tusimjibu mtu barabarani hata akituita majina gani. Lakini Jumapili, gari likishapita nyumba za mwisho na mashamba yakaanza, Baba aliteremsha kioo akapiga mbinja. Mtu ambaye tangu Jumatatu hakusema nasi ila kutukataza, alikuwa anaimba! Siku nyingine tulikwenda Southend kutazama bahari yao ya rangi ya udongo, siku nyingine msitu wa Epping, siku nyingine popote palipokuwa na majani na nafasi ya kuegesha gari. Nilimpenda Baba sana akiwa ameshika usukani, na nasema hivyo nikiyajua vizuri yatakayofuata.

Kiti cha nyuma, katikati yangu na Badru, alikaa Shangazi Nasra, dada yake Baba wa mwisho. Mapinduzi ya Unguja yalipowatawanya watu wetu, Babu alichukuliwa na hakuonekana tena, Bibi akafia Dar es Salaam, na yule binti akabaki mikononi mwa kaka yake. Baba ndiye aliyekuwa walii wake, yaani ndiye mwenye idhini ya kumwoza. Alimleta London akiwa msichana mkubwa, akamtafutia kazi katika kiwanda cha kushona makoti, akampa kitanda chumbani kwetu watoto. Shangazi alikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa kumpendelea. Wanaume walikuwa wakigeuka basini. Ila utotoni aliugua polio, na ugonjwa ule ukamwachia mguu wa kushoto mwembamba na mfupi kuliko mwenzake, hivyo alitembea kwa kuchechemea, bega moja likishuka na kupanda. Kwetu sisi watoto huo haukuwa ulemavu, ulikuwa ni mwendo wa Shangazi. Tulizijua hatua zake ngazini akirudi kazini, na tulishindana kukimbilia mlango.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho ninachokisimulia, Baba alianza kutuharakisha. Zamani tulitoka tukijaaliwa. Sasa alitaka tufike mapema kuliko watu wote. Tukifika alichagua mahali mwenyewe, akatandika mkeka wa ukili tuliokuja nao kutoka kwetu, akasema, "Nasra, wewe kaa hapa. Wageni wakija usinyanyuke. Ukitaka kitu hawa watoto watakuletea." Siku ya kwanza Shangazi alicheka. "Leo nimekuwa malkia, kaka?" Baba naye akacheka, akamtandikia blanketi miguuni, akalivuta huku na huku kama mtu anayetandika kitambaa juu ya meza iliyochubuka. Baadaye kidogo wakaja watu wa Luton, mume na mke na mtu mzima mwenye ndevu, wakashangaa eti wametukuta pale, Baba naye akashangaa kuwaona, na mimi niliyemsikia Ijumaa akiwaelekeza njia kwa simu ya jirani nikashangaa peke yangu kwa sababu nyingine kabisa.

Niliipata maana yake jikoni. Mama alikuwa anakamua nazi kavu ya paketi na Baba amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi. "Waambie kweli, baba Badru," Mama alisema. "Wakijua wakaja, wamekuja." Baba akamjibu, "Nani atafunga safari kuja kutazama mguu? Waache waone uso kwanza. Wamsikie anavyosema, wale chakula cha mkono wake. Wakishapenda, mguu si kitu." Mama akaacha kukamua. "Na siku ya harusi utamfunika blanketi?" Baba akachukua katlesi moja kwenye sahani, akala taratibu, ndipo akasema, "Siku ya harusi atakuwa keshaolewa." Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na Baba aliijua methali hiyo, maana alikuwa akitusomea sisi tukificha homa ili tusikose safari. Lakini methali huwa za watoto.

Kwetu Unguja mama anayemtafutia mwanawe mke humwona msichana harusini au kwenye maulidi, amekaa na wenzake, amejipamba, anaimba. Humwangalia anavyokwenda kuchota maji, anavyomsalimu mkubwa, anavyokula. London ya miaka ile hatukuwa na harusi za kutosha. Watu wetu walikuwa mmoja huku, mmoja kule, nyumba zenyewe finyu hata mgeni ukimkaribisha inabidi mtu wa nyumbani asimame. Kwa hiyo wakubwa wakaigeuza Jumapili kuwa uwanja wa kutazamana wachumba. Familia mbili zinatoka mji kupumzika, zinakutana kwa bahati juu ya majani, wanakula pamoja, wanaagana. Hakuna aliyeposa wala aliyekataliwa, na hakuna aibu. Ulikuwa ni mpango mzuri kwa kila mtu isipokuwa yule aliyewekwa juu ya mkeka.

Walikuja wengi. Alikuja mama mmoja mwenye meno ya dhahabu aliyemtungisha Shangazi uzi kwenye sindano ili ajue kama macho yake ni mazima. Alikuja mwingine aliyemsimulia vichekesho, kisha akawa hamtazami usoni bali mdomoni, akikagua meno. Shangazi aliwamiminia wote chai na yeye mwenyewe hakunywa hata tone, maana tangu Jumamosi jioni alikuwa keshaacha kunywa, asije akahitaji kwenda chooni mbele ya wageni. Midomo yake ilikuwa ikikauka hadi kupasuka. Adhuhuri ikiingia, watu wakisimama kupanga safu ya sala kwenye majani, Mama aliwanong'oneza wanawake kwamba Nasra ana udhuru wake wa mwezi. Shangazi yangu alikuwa msichana pekee duniani mwenye udhuru kila Jumapili. Mimi nilijua, Badru alijua, Mungu alijua, na yeye ameinamisha kichwa huku wanaume wakipita karibu yake na udhu wao. Wageni wakishaondoka, mguu wake ulikuwa umekufa ganzi hata hausimamishiki, na Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi nyuma ya gari. Aliwahi kumwuliza, "Kwa nini unakubali, wifi yangu?" Shangazi alijibu, "Nikikataa nitakwenda wapi?" Alisema hivyo bila hasira, kama mtu aliyeulizwa saa.

Wale wa mwanzo wote aliomba wasirudi, na dua yake ilipokelewa. Kisha akaja Bi Shariffa kutoka Croydon na mwanawe Twalib. Bi Shariffa alikuwa mjane mnene, mtaratibu, mwenye macho yasiyokosa kitu. Alikuwa mtu wa Unguja kama sisi, ila Baba alihesabu kwamba aliondoka mapema akaishi Mombasa miaka mingi, hivyo hajui habari zetu. Twalib alikuwa fundi wa umeme, kijana mrefu mwenye haya. Wanaume wengine walikuwa wakisimama wakati wakizungumza na Shangazi, mikono mfukoni, kama wanaokagua mbuzi. Huyu alivua viatu, akakaa pembeni ya mkeka na hakunyanyuka mpaka wanaondoka. Kulikuwa na redio yetu ndogo iliyokuwa haishiki kitu ila mikwaruzo, akaichukua, akaifungua mgongo kwa ncha ya kisu cha matunda.

"Betri zimekwisha, au yenyewe ndiyo imechoka?" aliuliza.

"Imechoka," Shangazi alimwambia. "Inafanana na wenyewe."

Twalib alicheka, na Shangazi akacheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia Jumapili. Walirudi mara ya pili, tukakutana nao msituni Epping, na safari hiyo alileta betri mpya na redio ikaimba. Nyumbani, wiki ile, Shangazi alikuwa anaosha vyombo huku akiimba. Alinunua kitambaa cha buluu kiwandani kwake, akashona gauni refu usiku na usiku, na aliponivisha kwanza mimi ili alione likiwa limesimama, alinizungusha mara tatu, akafumua pindo akalishona upya. Hapo nilijua, kwa namna ambavyo watoto hujua, kwamba sasa hakai kwenye mkeka kwa amri tu. Alikuwa anamtaka yule mtu. Na mimi nilitaka ampate, nilitaka sana, ingawa nilijua kwamba akimpata kitanda cha chumbani kwetu kitabaki kitupu.

Mara ya tatu tulikubaliana nao kilima kimoja cha Kent, katikati ya kwetu na kwao. Ndani ya gari Baba hakuimba. Alisema tu, akimtazama dada yake katika kioo, "Leo wanakuja kutamka. Bi Shariffa kaniambia mwenyewe. Tuvuke hii ya leo, basi." Shangazi akajibu, "Inshallah, kaka," na akanishika mkono mpaka tukafika. Palikuwa ni mahali pazuri mno. Kilima cha majani, ua wa miti chini, njia nyembamba ya gari inayoteremka kuelekea lango, kisha kona. Wale wa Croydon wakaegesha gari lao sambamba na letu pembeni ya njia, juu kabisa, na mkeka wetu ulikuwa chini kidogo kwenye mteremko ambako Baba alimkalisha Shangazi mapema, na gauni lake la buluu, na blanketi lake. Tulikula pilau. Bi Shariffa alisifu achari. Twalib alikuwa amekaa pale pale pembeni ya mkeka, anamenya chungwa, akimpa Shangazi vipande. Bi Shariffa akasafisha koo na kusema, "Haya, baba Badru, sisi tulilokuja nalo leo..." na hapo tone la kwanza likampiga kwenye mkono.

Mvua ya Kiingereza kwa kawaida ni ya kunyunyiza, inamsumbua mtu asubuhi hadi jioni bila kumloanisha sawasawa. Hii haikuwa hiyo. Ilishuka yote kwa mara moja. Bi Shariffa alifungua mwavuli mweusi, akamshika mwanawe mkono akamvuta juu kwenye gari lao. Mama alikumbatia chupa za chai na sahani. Mimi nilimburura Badru. Baba alibeba sufuria la pilau. Nilipogeuka nilimwona Shangazi ameweka kiganja chini, amejiinua nusu, na Baba, sufuria kifuani, amemgeukia. Alinyoosha mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, akaushusha taratibu. Kaa. Shangazi akamtazama kaka yake, akalitazama lile gari la pili, akakaa.

Tuliingia ndani tukafunga milango. Magari mawili yalikuwa yanautazama mteremko, na chini yake, juu ya mkeka, alikuwa mtu mmoja katika mvua. Vioo vilipata ukungu na mimi nikawa nafuta changu kwa mkono wa sweta. Angeweza kujifunika blanketi kichwani. Hakujifunika. Aliling'ang'ania kwa mikono miwili juu ya miguu, na mvua ikampiga kichwani, ikalowesha ushungi ukamgandia usoni, gauni la buluu likawa jeusi, na vikombe vilivyosahauliwa vikajaa maji pembeni yake. Badru, ambaye kila kitu alikisema kwa Kiingereza, aliuliza mbona Auntie haji. Akauliza tena akilia.

"Baba Badru," Mama alisema, "huyo ni mtoto wa watu."

"Ngoja waondoke."

"Hawaondoki. Wanatazama."

"Ndiyo maana nasema ngoja."

Nakumbuka mlango wa gari la Twalib ulifunguka kidogo, nikaona mguu wake umekanyaga nje, kisha ukarudi ndani na mlango ukafungwa. Tulikaa hivyo muda ambao siwezi kuupima. Kwangu mimi ulikuwa mrefu kuliko shule. Niliweka mkono kwenye kitasa cha mlango na Mama, bila kugeuka, akasema jina langu kwa sauti ambayo sikuijua, nikautoa. Nilimchukia Baba. Nilimchukia Mama pia, na nadhani ndiyo siku ya kwanza nilipojua kwamba mtu anaweza kuwachukia wazee wake na bado akaogopa wasije wakamwona. Mwisho gari la Croydon likanguruma, likapiga honi mara moja, likaanza kuteremka polepole kuelekea lango. Lilikuwa bado halijafika kwenye kona. Shangazi aliweka mkono juu ya goti, akanyanyuka. "Subiri, subiri," Baba alikuwa anakiambia kioo, "subiri wewe!" Lakini yeye alikuwa keshasimama, anapanda kilima, bega likishuka na kupanda, mkeka umekunjwa kwapani unamwaga maji. Gari la Twalib likapita kona.

Alifungua mlango mwenyewe, akakaa mahali pake katikati yetu. Meno yalikuwa yanagongana. Badru akamkumbatia na yeye hakumkumbatia. Baba aliwasha gari, akaendesha mpaka tukatoka kwenye lango, ndipo akasema, "Ungevumilia mpaka wakate kona." Tulipofika barabara kubwa akamtazama tena katika kioo na kusema, "Na kiti umekiloanisha." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema hadi Barking, na mimi nimeyasikia maisha yangu yote.

Wiki ikapita, simu ya jirani haikulia. Baba akapiga mwenyewe, akarudi amenuna. Bi Shariffa alimwambia kwamba hawakuafikiana katika familia, basi, kila mtu na riziki yake. Baba alilileta jibu hilo mezani, tukiwa tunakula. "Si unaona?" alimwambia Shangazi. "Walikuona. Dakika moja tu, Nasra. Dakika moja ilikushinda." Shangazi alimaliza sahani yake, akaiosha, akaosha na zetu. Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida na hakurudi. Baadaye tulipata habari kwamba anakaa na mwanamke mmoja wa Jamaika aliyekuwa akishona naye, kisha kwamba amehamia kaskazini, Sheffield, anasomea ukunga. Baba alisema atarudi, mtu hana pa kwenda ila kwa damu yake. Gari lilibaki chini ya dirisha, likaota kutu, na majirani wakalalamika mpaka likavutwa. Hatukwenda tena kupunga upepo. Baba na mimi tuliishi nyumba moja miaka mingi baada ya hapo, nikamtii na kumuuguza, na sikupata hata siku moja kumwuliza juu ya Jumapili ile.

Shangazi alinitafuta mimi nilipokuwa mtu mzima, na tangu hapo sijaacha kwenda kwake. Amezalisha watoto nusu ya mji ule. Hakuolewa. Posa zilikuja, akawa anazikataa kabla mtu hajaletwa, maana alisema hataki tena kuangaliwa. Lilikuwa jambo moja tu la zamani alilolizungumza kwangu, tena mara chache, akiwa amechoka. "Ningengoja wakate kona," alikuwa akisema, na kutikisa kichwa, kama anayezungumzia basi lililomwacha. Baba alipofariki nilimpigia simu. Alisema, "Nimesikia. Mungu amrehemu," akauliza hali ya Mama, akakata.

Bi Shariffa alikuja hitimani. Alikuwa ajuza sasa, ameshikwa mkono na mjukuu, lakini macho ni yale yale. Watu walipopungua nilimpelekea chai, nikamkalia karibu, na kwa kuwa Baba alikuwa keshazikwa na mimi sikuwa na mtu wa kumstahi tena, nikamwuliza. Nilimwambia, bibi, mliukataa mguu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mguu? Mguu tuliujua kabla hatujaja. Mwanangu, Unguja nzima inajua mguu wa Nasra. Nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwenu kabla sijakwenda Mombasa, baba yako hakunikumbuka tu. Baba yako alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka chuoni kusoma Kurani, kila asubuhi, kijana mwenyewe mdogo, miguu ya yule mtoto inaburuta chini. Watoto wenzake wakimcheka, anawapiga. Twalib nilimwambia, akasema haidhuru. Mimi nilikuja kwa ajili ya yule kaka. Nilisema mahali penye ndugu kama yule, mwanangu aoe hapo." Alikunywa chai kidogo. "Ile mvua ilipokuja nikamwambia Twalib, ngoja, sasa atakwenda kumbeba. Twalib akataka kushuka yeye, nikamwambia funga mlango, ana mwenyewe. Tukangoja. Hakwenda. Nikasema damu hii siichanganyi na yangu."

Nilimwongeza chai. Kisha nikamwambia, "Na wewe ulikuwa na mwavuli, bibi."

Hakuchukia. Alifikiri kwanza, akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto adabu, "Hakuwa wetu bado."

Siku hizi watu wetu London ni tele, wana kumbi na harusi kila Jumamosi, na vijana hutazamana kwenye simu. Binti yangu hunionyesha picha zao na kucheka. Zote zimekatwa kifuani, ngozi zimelainishwa, kila mtu amekaa. Sisi tulihitaji gari, sufuria la pilau na kilima kizima kumficha mtu, wao wanahitaji kidole. Simwambii kwamba zamani tulikuwa bora, kwa sababu hatukuwa. Wiki mbili baada ya hitima niliendesha gari peke yangu kwenda Sheffield, Jumapili, mashamba pande zote mbili, jua linawaka, na njia nzima nilibishana na nafsi yangu kama nimwambie au nimwache na lake alilolizoea. Nikamwambia. Nilimpa yote kama nilivyoyapata, jikoni kwake, naye akisikiliza akiwa amesimama, ameegemea sinki, mkono juu ya goti lile. Nilidhani atalia kwa ajili ya Twalib, au kwa ajili ya kaka aliyembeba mgongoni akaja kumwacha kwenye majani. Hakulia. Aligeuka akafungua bomba, akajaza gilasi maji, akanywa yote.

"Kumbe ningenyanyuka tu," alisema.